Fundi wa Rangi Anajibu: Glosi kuta za sebuleni?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Ngamiani hapa Tanga, barabara za juu. Nyumba tumejenga wenyewe kwa tofali za saruji. Lipu ina zaidi ya mwaka, na ndani tulipiga mkono mmoja tu wa rangi nyeupe ya maji ya bei chee ili tuhamie. Sasa zamu yangu ya mchezo imefika na nataka sebule ing'ae kama ya wifi yangu wa Raskazone. Fundi anasema tupige glosi ya mafuta, ile rangi inayong'aa, kuta zote na dari, kwa sababu ukitaka kufuta unafuta. Mume wangu anasema itakuwa kama zahanati. Watoto nao wanachora ukutani na kushika kuta kwa mikono ya mihogo ya kukaanga. Nani mwenye haki hapa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hongera ya nyumba na hongera ya mchezo. Wengi hela ya mchezo inaishia kwenye vitenge na madeni ya duka la Mangi.

Nianze na mumeo, maana najua atausoma ukurasa huu kabla yako. Aliposema zahanati hakuwa anakukejeli. Zitazame kuta za zahanati, za madarasa, za ofisi kongwe za serikali: chini glosi ya kijani au kahawia mpaka usawa wa kifua, juu nyeupe ya maji. Wala hawakufanya vile kwa urembo. Pale chini ndipo mgonjwa anapoegemea, mwanafunzi anapoweka kiatu, na maji ya deki yanaporukia. Aliyepanga alijua glosi imewekewa kazi gani: mahali panaposhikwashikwa na kuoshwa. Sebule yako ina sehemu kama hizo, lakini si kuta nzima. Na dari nani ataipandia kuifuta?

Usidhani naichukia glosi. Mie rangi nilijifunzia karakana ya reli, tukipaka milango na mabenchi ya mabehewa, na mpaka leo hakuna kinachonifurahisha kama brashi safi, mbao iliyopigwa msasa vizuri na glosi inayojilaza yenyewe mpaka alama za nywele za brashi zinapotea. Lakini mbao ile ilikuwa imerandwa, na bati la behewa lilitoka kiwandani limenyooka. Ukuta wako umenyooshwa na mtu mwenye mwiko, saa kumi jioni, mawazo yake yakiwa yameshafika nyumbani.

Tofauti iko hapa. Rangi ina unga wenye rangi yenyewe, ina gundi inayoushika huo unga, na ina maji au tapentaini inayokauka ikaenda zake. Rangi ya maji isiyong'aa imejaa unga. Chembe zake zimechomoza juu, mwanga ukizigonga unatawanyika kila upande na ukuta unaonekana mtulivu. Kwenye glosi gundi ni nyingi, unga wote umezama ndani, uso umekuwa laini, basi mwanga ukigonga unarudi kwa mstari mmoja. Viwandani wana kifaa cha kupima mng'ao, kinamulika kwa pembe ya digrii 60. Rangi isiyong'aa haizidi 10. Glosi inaanzia 70 na kupanda. Silki, rangi ya mng'ao wa wastani, iko kati ya hizo. Sasa mwanga unaporudi kwa mstari, penye kinundu ule mstari unavunjika, na jicho hata lisilojua ujenzi linaona.

Huna haja ya kuniamini. Leo usiku zima taa za sebuleni, washa tochi ya simu, ishike karibu kabisa na ukuta na umulike kwa ubavu, si kwa kuuelekea. Utaona vilima na mabonde. Utaona mkwaruzo wa ubao wa kusawazishia lipu, mstari pale waya wa umeme ulipofukiwa ukazibwa, na kovu kando ya fremu ya dirisha. Ukipaka glosi, hivyo ndivyo ukuta utakavyoonekana kila asubuhi jua likiingia kwa pembeni, na kila usiku taa ya ukutani ikiwaka. Na kama televisheni inatazamana na ukuta huo, utaangalia tamthilia mara mbili: kwenye kioo na ukutani.

Fundi wako atajibu kwamba watapiga puti, ule uji mzito wa kusawazisha ukuta. Sawa, inawezekana. Ukuta uliopigwa puti mikono miwili au mitatu, ukapigwa msasa wa namba 120 halafu wa 220, ukamulikwa tochi na kurudiwa penye kasoro, huo unaweza kubeba glosi, na huenda ndio huo uliouona kwa wifi yako. (Muulize kwanza kama ni glosi kweli. Kuta nyingi zinazosifiwa siku hizi ni silki juu ya puti safi, na mwenye nyumba hasahihishi akisifiwa.) Ila kazi hiyo ya puti na msasa ndiyo inayokula pesa na siku, rangi yenyewe ni sehemu ndogo. Muulize fundi mbele ya mumeo: bei yako ina kukwangua, puti, msasa na andakoti (rangi ya kutangulia chini ya glosi), au ina kupaka tu? Akikujibu kwamba glosi ni nzito, itaficha, mwambie umeahirisha.

Kisha kuna ile rangi ya bei chee mliyopaka kuhamia. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, ile rangi haina gundi ya kutosha, inatoa vumbi kama chaki. Chochote utakachopaka juu yake kitashika vumbi, hakitashika ukuta, na glosi kwa kuwa ikikauka inajivuta na kukaza, itaubandua huo unga vipande kwa vipande. Paoshwe, pakwanguliwe, papigwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha. Hilo halikwepeki hata ukichagua silki.

Jambo la unyevu nalo si la kuliruka hapa Tanga, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Kata nailoni nene ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani karibu na sakafu kwa utepe wa gundi pande zote nne, iache mpaka kesho yake au keshokutwa. Ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta unatoa maji. Huenda msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu, huenda lipu ilichanganywa na mchanga wa pwani wenye chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Rangi ya maji ya kawaida inaruhusu mvuke upite kwa kiasi fulani. Glosi ya mafuta inaziba. Maji yaliyoko ndani yatatafuta njia, na njia ni kuisukuma rangi itoke malengelenge.

Na kama moyo uko kwenye glosi nyeupe: nyeupe ya mafuta hugeuka manjano mahali pasipo mwanga. Ukija kuhamisha kabati au picha ya ukutani utakuta umbo lake limebaki pale. Tena glosi haina kiraka. Mtoto akigonga ukuta na tairi la baiskeli, huwezi kugusia palepale kwa brashi; lazima upake kutoka kona hadi kona, la sivyo kiraka kitaonekana hata na jirani wa barabara ya pili.

Ushauri wangu basi. Kuta za sebule piga silki ya maji mikono miwili juu ya praima, rangi iliyopoa, isiyo nyeupe kabisa. Silki inafutika kwa kitambaa na maji ya sabuni. Mafuta ya mihogo yatatoka. Wino wa peni utaacha kivuli, hilo nakwambia mapema, kwa hiyo nunua ubao mweusi mdogo uwape wachore humo. Dari iwe rangi ya maji isiyong'aa. Glosi iende kwenye milango, fremu na ubao wa chini wa ukuta kama unao, nayo itang'aa vizuri zaidi ikiwa kuta zimetulia.

Na kama nyumba yenu ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kama zilivyo nyingi za Ngamiani, hapo nakubaliana na fundi wako nusu. Ukumbi ni mwembamba, una giza, kila mtu anapita akigusa ukuta, baiskeli inalazwa humo, ndoo za maji zinapita humo. Piga glosi chini mpaka mita 1 na robo hivi, juu yake silki, na mstari wa kutenganisha upigwe kwa uzi, si kwa macho. Mumeo akisema zahanati tena, chagua rangi ya maziwa au ya udongo badala ya ile kijani.

Vipimo visikutishe. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kimo cha mita 3 ina ukuta wa mita za mraba 54; toa milango na madirisha, zibaki kama 48. Lita moja ya silki kwenye ukuta laini hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni kama lita 10. Ndoo ya lita 20 itamaliza sebule na itakubakizia chumba kizima. Fundi akiandika ndoo mbili kwa sebule hiyo peke yake, kaa naye chini mhesabu pamoja.

Kabla hujalipa, nunua kopo dogo la silki na dogo la glosi, rangi moja. Paka vipande viwili vya ubao wa dari, viegemeze ukutani mkabala na dirisha, vikae hapo siku nzima mvitazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Mumeo naye apige kura yake hapo.

Swali: Mzee, mimi mpangaji Makorora. Mwenye nyumba alipiga glosi chumba changu. Ukuta unaopakana na bafu umetoka malengelenge na usiku wa mvua unalia maji. Naruhusiwa kupaka rangi ninayotaka kwa gharama yangu. Naweza kupaka ya maji juu yake?

Jibu: Unaweza, lakini usianze na rangi. Toboa lengelenge moja kwa kisu, ubandue, utazame nyuma yake. Ukikuta lipu imelowa au ina unga mweupe wa chumvi, maji yanatoka bafuni: bomba linavuja ndani ya ukuta, au sakafu ya bafu imepasuka pembeni. Hiyo ni kazi ya mwenye nyumba. Mwonyeshe lile tundu kwa ustaarabu, na usitoe hata shilingi ya rangi kabla hajaziba. Kule kulia usiku ni jambo jingine. Hewa yenye mvuke inagonga uso baridi wa glosi, haina pa kunywewa, inageuka matone. Fungua dirisha, na kama unapikia chumbani hamishia jiko barazani.

Kama huna hakika ni ya mafuta, sugua pembeni kwa pamba yenye spiriti ya dawa. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba, ya mafuta haitajali.

Ukuta ukikauka, kwangua yote iliyolegea. Iliyoshika osha kwa sabuni ya unga, suuza, halafu ipige msasa mpaka mng'ao ufe kabisa, maana rangi ya maji juu ya glosi inayong'aa utaibandua kwa ukucha. Penye mashimo ziba kwa puti ya saruji nyeupe. Ya jipsamu ikipata unyevu inalainika. Praima ya kushika, kisha rangi yako. Na kama nyumba ni ya zamani, usipige msasa mkavu. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Lowesha msasa, funga pua, watoto wakae kwa bibi yao siku hizo, na vumbi ulikusanye kwa kitambaa kibichi, usilifagie.

Swali: Shikamoo fundi mkuu. Mimi kijana, fundi mwenzio wa Muheza. Mteja anataka glosi ya mafuta kwenye lipu yenye wiki mbili. Anasema ana shughuli ya harusi. Nimwambieje? Na je, nikikosa tapentaini, petroli inafaa?

Jibu: Marahaba. Mwambie hapana, na sababu umwambie, kwa sababu harusi itapita na lawama itabaki kwako. Saruji mbichi ni kali, ina asili ya magadi. Ikikutana na gundi ya mafuta huku unyevu bado upo, inaigeuza sabuni. Sabuni kwelikweli: ndivyo sabuni inavyopikwa, mafuta na magadi. Rangi inabaki na utelezi, haikauki, inachuruzika au inabanduka kwa tabaka. Lipu iachwe siku 28 kwa uchache wakati wa jua. Msimu wa mvua zaidi, mpaka jaribio la nailoni likubali.

Kwa harusi mpigie mkono mmoja wa rangi ya maji isiyong'aa, inayopumua. Atapata ukuta msafi wa kupigia picha, tena bila kuakisi taa za mpiga video. Glosi aje kuidai baadaye, juu ya praima inayohimili magadi ya saruji.

Petroli hapana. Inaruka haraka mno, inaacha uso umefifia, na mvuke wake chumbani ukikutana na sigara au jiko hutakuwa na mteja wa kumweleza. Mafuta ya taa nayo yanachelewesha kukauka na kuua mng'ao. Ukikosa tapentaini, funga kopo urudi kesho. Kati ya mkono na mkono wa glosi ya mafuta iache kama saa 16 mpaka 24, na hewa ikiwa nzito zaidi ya hapo: gundi yake inakomaa kwa kunyonya oksijeni, haikomai kwa sababu tapentaini imeruka tu.

Swali: Nimerithi chumba kwenye nyumba ya marehemu babu, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuta nene za mawe ya matumbawe. Chokaa inanichafua nguo kila nikiegemea. Nikipiga glosi nitapumzika?

Jibu: Utapumzika kwa msimu mmoja. Matumbawe yalitoka baharini na chumvi yake, na yameunganishwa kwa udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo unakunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha unayatoa polepole kupitia uso wake wakati wa kaskazi. Chokaa inaruhusu. Ukiuziba kwa glosi, maji yatabaki ndani, chumvi itajikusanya nyuma ya rangi, na inapokauka hugeuka fuwele zinazovimba na kusukuma. Haitabanduka rangi peke yake, itatoka na lipu ya babu. Ndiyo maana nyumba zilizopigwa saruji na glosi kwa nia njema leo zinamwaga unga chini ya ukuta.

Kuchafua nguo kunatokana na chokaa iliyopakwa nene, au iliyopakwa juu ya ukuta mkavu. Piga brashi kuondoa iliyolegea, lowesha ukuta, paka chokaa iliyolowekwa muda mrefu, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu minne, kila mmoja ukauke taratibu kivulini. Chokaa inashika kwa kunyonya hewa ya kaboni na kugeuka jiwe upya. Ikikaushwa haraka inabaki unga. Mahali unapoegemea, hasa nyuma ya kitanda, tundika mkeka, kama walivyofanya wenye nyumba hizo. Na kabla hujagusa chochote, pita ofisi ya Mambo ya Kale, kwa kuwa mji huo una masharti yake.

Glosi ipeleke kwenye mlango wa chumba, kama si ule wa kuchongwa. Wa kuchongwa usiuguse na rangi kabisa, upake mafuta.

Swali: Jikoni je? Chumbageni, nyumba ya vyumba viwili.

Jibu: Jikoni ndiyo, mradi ukuta uwe mkavu na umenyooka. Tafuta glosi ya maji, inapatikana siku hizi: haigeuki manjano kama ya mafuta na harufu yake inaisha upesi, kwa hiyo utapika jioni ileile. Nyuma ya jiko lenyewe weka vigae viwili vitatu kwenda juu. Moto na mafuta ya kukaangia vitaishinda rangi yoyote utakayonunua.